Pambo la Kifaransa Katika Nchi ya Wakisii

Kifaransa hakijawahi kuwa lugha ya serikali wala ya soko katika vilima vya Kisii na Nyamira. Hata hivyo kilifika huko, nacho kilifika kimechorwa kwenye madini: kwenye medali ndogo za shingoni, kwenye vifungo vya sare na beji za kofia, kwenye mashine za saa za mfukoni. Kitu cha namna hiyo kikikutwa ndani ya sanduku la marehemu bibi, kimefungwa kwenye kitambaa pamoja na stakabadhi za kodi, huzua maswali mawili. La kwanza ni maneno yanasema nini. La pili ni Mfaransa gani alikileta. Swali la kwanza lina jibu. La pili kwa kawaida limekosea njia tangu mwanzo, kwa kuwa katika Afrika Mashariki maandishi ya Kifaransa kwenye pambo si ushahidi kwamba Mfaransa alipita hapo.

Wakisii, ambao pia huitwa Wagusii, walikuwa na pambo lao la kusomwa kabla herufi hazijafika. Ebitinge ni vikuku vya chuma alivyovishwa mke miguuni katika sherehe ya enyangi, yaani arusi kamili ya kimila. Enyangi haikuwa mwanzo wa ndoa. Kufikia siku hiyo mshenga, ambaye kwa Ekegusii huitwa esigani, alikuwa amekwisha kwenda na kurudi baina ya nyumba mbili. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kutolewa. Na mara nyingi mke alikuwa amekwisha kuhamia kwa mumewe, pengine amezaa. Sherehe ilingoja hadi jamaa waweze kumudu wanyama wa kuchinja na pombe ya wimbi ya kuwatosha wageni. Wageni walipotawanyika, kilichobaki mwilini mwa mke ni vile vikuku. Alivivaa maadamu mume yu hai na ndoa imesimama.

Ebitinge havikuwa na herufi hata moja, lakini vilisomeka kuliko vito vingi vyenye herufi. Aliyekutana na mwanamke kwenye njia ya mtoni alihitaji kutazama chini tu. Papo hapo alijua kwamba mahari yametolewa, kwamba enyangi imefanyika, na kwamba mwenye mke yupo. Pete ya Kizungu husema moja tu kati ya hayo, tena huvuliwa mtu akitaka kunawa. Kikuku cha chuma kilichokazwa mguuni hakikuvuliwa ovyo. Kukivua kulikuwa tendo lenye maana yake, na jirani aliyeona mguu mtupu hakuhitaji kuambiwa kwamba kuna jambo limetokea.

Chuma chenyewe kilitoka kwa wahunzi, abaturi, ambao majembe na mikuki yao ilivuka mpaka hadi kwa Wajaluo na kurudi ikiwa mifugo. Baadaye misafara ya pwani ilileta masango ya shaba na shanga za kioo, mapambo yakaongezeka. Mtaalamu Philip Mayer alieleza sheria za mahari na taratibu za ndoa za Wagusii katika miaka ya 1940. Robert na Barbara LeVine walipofanya utafiti wao katikati ya miaka ya 1950, kazi iliyotoka kama kitabu *Nyansongo* mwaka 1966, enyangi ya zamani ilikuwa imeanza kupungua kwa gharama zake na kwa ushindani wa arusi za kanisani. Neno lenyewe halikufa. Lilihamia kanisani, na leo watu huenda kwenye enyangi ambako bibi arusi huvishwa pete kidoleni badala ya kikuku mguuni.

Makanisa hayohayo ndiyo yaliyofungua njia kubwa zaidi ya Kifaransa kufika shingoni mwa mtu wa Kisii, ingawa njia yenyewe ilizunguka sana. Mwaka 1879 Padre Siméon Lourdel wa shirika la White Fathers, lililoanzishwa na Kadinali Lavigerie, alifika Buganda. Waganda walisikia akiitwa *mon père*, yaani "baba yangu", nao wakalichukua kuwa jina lake: Mapeera. Huo nao ulikuwa usomaji wa Kifaransa, uliofanywa kwa sikio. Baada ya miaka michache dini na taifa vilikuwa vimechanganyika kiasi kwamba Mganda Mkatoliki aliitwa Mfaransa na Mprotestanti aliitwa Mwingereza, na makundi hayo mawili yalipigana Mengo mwezi Januari 1892. Baadhi ya "Wafaransa" waliokufa siku hiyo hawakuwahi kuiona hata ramani ya Ufaransa.

Kanisa Katoliki lilitafuta dawa ya kasoro hiyo. Mwaka 1895 waliletwa Buganda wamisionari wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa London na Herbert Vaughan mwaka 1866, ili wananchi waone kwa macho yao kwamba mtu anaweza kuwa Mkatoliki na Mwingereza kwa pamoja. Eneo walilopewa lilienea mashariki hadi upande wa Kenya wa ziwa. Walifungua Kisumu mwaka 1903, Mumias mwaka 1904, na Nyabururu, karibu na mji wa Kisii, mwaka 1911. Kichekesho ni kwamba wengi wa "Waingereza" hao walikuwa Waholanzi, na wengine watu wa Tirol katika milima ya Austria. Gorgonius Brandsma, aliyekabidhiwa Prefektura ya Kavirondo ilipoundwa mwaka 1925, alikuwa Mholanzi. Wafaransa wenyewe, mapadre wa Roho Mtakatifu, walikuwa ng'ambo ya Bonde la Ufa, ambako walianzisha misheni ya St. Austin's, Nairobi, mwaka 1899.

Kwa hiyo medali ya Kifaransa iliyovaliwa na mkatekumeni wa Nyabururu ingeweza kabisa kutolewa na padre Mholanzi wa shirika la Kiingereza aliyekuja kupitia Uganda. Lugha iliyo juu yake ni ya kiwanda, si ya mkono uliotoa. Karne ya 19 Ufaransa ilikuwa karakana kubwa ya vifaa vya ibada, na medali zake ziliuzwa kwa maelfu kwa maelfu, zikasafirishwa pamoja na rozari na picha za watakatifu hadi misheni za kila bara.

Iliyoenea kupita zote ni ile iitwayo Medali ya Mwujiza. Asili yake ni Paris, katika kikanisa cha nyumba ya masista wa Mabinti wa Upendo, mtaa wa rue du Bac. Mwaka 1830 mnovisi mmoja, Catherine Labouré, binti wa mkulima wa Burgundy, alieleza kwamba alitokewa na Bikira Maria, na kwamba tarehe 27 Novemba alionyeshwa umbo la medali ambayo ilipaswa kutengenezwa. Sonara Vachette wa Paris alitoa za kwanza mwaka 1832, mwaka ambao kipindupindu kiliua maelfu ya watu wa mji huo. Masista waliwagawia wagonjwa, habari za kupona zikaenea, na jina "ya mwujiza" likatoka midomoni mwa watu. Labouré aliendelea kuhudumia wazee bila kujulikana kwamba ndiye mwenye habari hiyo. Alifariki mwaka 1876, akatangazwa mtakatifu mwaka 1947.

Medali yenyewe ina umbo la yai na mara nyingi haizidi ukucha wa kidole gumba. Upande wa mbele Maria amesimama juu ya tufe la dunia, nyoka chini ya nyayo, miale ikimtoka mikononi. Maandishi huanza chini kushoto, hupanda, huzunguka kichwa na kushuka upande wa kulia: O MARIE CONCUE SANS PECHE PRIEZ POUR NOUS QUI AVONS RECOURS A VOUS. Maana yake ni "Ee Maria uliyetungwa mimba bila dhambi, utuombee sisi tunaokukimbilia." Neno likitafsiriwa baada ya neno, *conçue* ni "uliyetungwa mimba", *sans* ni "bila", *péché* ni "dhambi", *priez pour nous* ni "utuombee", *qui avons recours à vous* ni "tulio na kimbilio kwako".

Juu ya karatasi kazi hiyo ni nyepesi. Ugumu huanza mtu akiwa na chuma chenyewe mkononi. Medali iliyovaliwa miaka 30 husuguliwa na ngozi, na nguo, na sabuni ya kufulia. Herufi za pembeni hutangulia kufutika, kwa kuwa ndizo zinazokutana na kidole na uzi. Kinachobaki kinaweza kuwa ANS PECHE PRIEZ PO, na hapo ndipo msomaji hupotea. Mafundi wa herufi kubwa za Kifaransa mara nyingi huacha alama za juu na za chini, na katika Kifaransa alama hizo si urembo. *Péché* ni dhambi. *Pêche* ni uvuvi, na pia ni tunda la pichi. *Pêcher* ni kuvua samaki, *pécher* ni kutenda dhambi. Zikiandikwa PECHE na PECHER, bila alama, kila jozi imekuwa neno moja. Mtu mwenye kamusi ndogo na subira ndogo anaweza kabisa kupata "bila uvuvi", na kwa vile Ziwa Victoria si mbali na Kisii, akaanza kubuni hadithi ya mvuvi. Kinachomwokoa si kamusi bali sentensi. PRIEZ ni kitenzi cha kuomba, na anayeombwa ametajwa mwanzoni. MARIE nalo huwa mtego: huchukuliwa kuwa jina la mwenye medali, hasa pale ambapo kweli kulikuwa na nyanya aliyebatizwa Maria.

Mtego mbaya zaidi ni namba. Chini ya miguu ya Bikira huwa pameandikwa 1830. Wengi husoma hapo umri wa kito, na bei hupanda papo hapo. Lakini 1830 ni mwaka wa matokeo ya rue du Bac, nao umerudiwa kwenye medali zilizotengenezwa mwaka 1850, mwaka 1930 na jana. Kilicho bora kuliko namba ni madini. Alumini ilikuwa ghali mno hadi ilipogunduliwa njia ya kuizalisha kwa umeme mwaka 1886. Medali nyepesi ya rangi ya sufuria, ikiwa na 1830 chini yake, haiwezi hata kidogo kuwa ya 1830. Ni ya mwisho kabisa wa karne hiyo au ya karne ya 20, na kama ilivaliwa na mtu wa Nyabururu basi hilo linapatana vizuri na tarehe za misheni.

Upande wa nyuma hauna maneno. Pana herufi M kubwa, msalaba umesimama juu yake kwenye upau, chini mioyo miwili, mmoja umezungukwa na miiba na wa pili umechomwa upanga, na nyota 12 pembezoni. Inasimuliwa kwamba Labouré alipouliza ni maneno gani yaandikwe upande huo, alijibiwa kwamba M na mioyo miwili vinatosha. Mama wa Kisii ambaye hakuwahi kufundishwa kusoma aliutambua upande huo bila shida. Kwake ndio uliokuwa upande unaosomeka. Katika jambo hilo sonara wa Paris na mhunzi wa Gusii walikuwa wa shule moja.

Medali nyingine zilizotoka kwenye karakana hizohizo hufupisha. N.D. DE LOURDES P.P.N. ni *Notre-Dame de Lourdes, priez pour nous*, "Bibi Yetu wa Lourdes, utuombee", na haiwezi kutangulia mwaka 1858, ambao ndio wa matokeo ya Lourdes. SACRE CŒUR ni Moyo Mtakatifu, na hapo macho huteswa na herufi Œ, ambayo ni O na E zilizounganishwa. Zikichakaa huonekana kama C na E, au kama sifuri iliyopasuka. SOUVENIR DE 1RE COMMUNION ni kumbukumbu ya Komunyo ya kwanza. Katika hiyo ya mwisho ndipo penye matumaini ya kupata jina la mtu, kwa sababu familia za Ulaya zilikuwa na desturi ya kuchora jina na tarehe nyuma.

Si kila nyumba ya Gusii inayotazamiwa kuwa na kitu kama hicho. Waadventista Wasabato walifika karibu wakati mmoja na Wakatoliki, wakaweka misheni yao Nyanchwa, na wakapata wafuasi wengi sana Kisii na Nyamira. Mafundisho yao yalikataza mapambo ya mwili, na medali yenye sura ya Maria ilikuwa na makosa mawili kwao: ni pambo, na ni sanamu. Kwa hiyo medali ya Kifaransa ikitokea kwenye sanduku la ukoo wa Kisabato, kuna habari nyuma yake: mke aliyeolewa kutoka nyumba ya Kikatoliki, mtoto aliyesoma shule ya mapadre, au kitu kilichookotwa. Uwezekano wa kuokota si wa kupuuzwa. Septemba 1914 jeshi la Wajerumani liliingia mji wa Kisii kutoka mpakani, likapambana na Waingereza tarehe 12, na katika siku ambazo mji haukuwa na mwenyewe watu waliingia madukani, ofisini na katika misheni wakachukua walichokitaka. Serikali iliporudi ilitoza faini ya mifugo. Ng'ombe walihesabiwa; vitu vidogo vya mezani na kabatini vilikuwa vimekwisha kutawanyika vijijini.

Njia ya pili ya Kifaransa ilipitia mahali ambapo hakuna aliyetazamia, yaani serikali ya Mwingereza mwenyewe. Nembo ya ufalme wa Uingereza, yenye simba upande mmoja na farasi wa hadithi mwenye pembe moja upande wa pili, ina kaulimbiu mbili, na zote mbili ni za Kifaransa. Chini pameandikwa DIEU ET MON DROIT, "Mungu na haki yangu". Kwenye mkanda unaoizunguka ngao pameandikwa HONI SOIT QUI MAL Y PENSE, "aibu na imshike anayeliwazia ubaya". Nembo hiyo ilipigwa kwenye vifungo vya sare za jeshi, ilikaa kwenye mkono wa sajini meja wa cheo cha juu, ilikuwa kwenye beji za kofia za vikosi kadhaa, na kwenye vichwa vya karatasi za serikali. Kituo cha Kisii kilifunguliwa mwaka 1907 chini ya ofisa G. A. S. Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti, na ambaye mwaka uliofuata alichomwa mkuki na Otenyo akanusurika. Kuanzia hapo alama za ufalme huo zilikuwa machoni pa watu kila siku ya kodi na kila siku ya kesi.

Sababu ya Kifaransa kukaa kwenye nembo ya Mwingereza ni vita vya mwaka 1066. Watawala wa Normandy walioiteka Uingereza walizungumza Kifaransa, na kwa karibu miaka 300 ndicho kilichokuwa kinywani mwa wafalme, mabwana na mahakimu. Sheria ya kuruhusu Kiingereza mahakamani ilitungwa mwaka 1362. Maneno ya mkanda ni ya chama cha heshima kilichoanzishwa na Edward III yapata mwaka 1348. Yale ya chini yalifanywa kaulimbiu ya ufalme tangu enzi ya Henry V. Kwa maneno mengine, askari wa Kisii aliyeng'arisha vifungo vyake kwa Brasso alikuwa aking'arisha Kifaransa cha washindi waliowatawala waliomtawala.

Usomaji wake una matatizo yake. HONI leo huandikwa *honni*, kwa N mbili, kwa hiyo kamusi ya kawaida haina neno la N moja. SOIT ni umbo la kitenzi "kuwa" linalotumika kwa dua au laana, ndiyo maana tafsiri yake sahihi ina "na imshike". Y ni neno kamili, maana yake "humo" au "kwa jambo hilo". DROIT nalo lina nyuso nyingi: ni haki, ni sheria, na likitumika kama kivumishi ni "iliyonyooka". Nusu ya kifungo kilichochakaa inaweza kubakiza ET MON DR, na kuna mafundi wa saa na masonara wa mitaani ambao wangeapa hapo kwamba ni jina la daktari. Kinachomaliza ubishi ni simba na farasi mwenye pembe. Wakiwapo hao wawili, hata kama sura zao zimebaki kivuli, kito hakikutoka Ufaransa.

Vifungo hivyo viligeuka mapambo. Kifungo cha shaba chenye kitanzi nyuma kilikuwa tayari kwa uzi. Kilichohitajika ni shingo. Vilevile sarafu zilitobolewa na kuvaliwa pamoja na shanga kote Afrika Mashariki. Sarafu za kikoloni za hapa zenyewe ziliandikwa Kilatini na Kiingereza, lakini kwa askari Kifaransa kilikuwa na mlango mwingine. Septemba 1942 brigedi ya Afrika Mashariki, pamoja na kikosi cha 5 cha King's African Rifles kutoka Kenya, ilishuka Majunga na kupigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy hadi kisiwa cha Madagaska kilipojisalimisha mwezi Novemba. Sarafu ya faranga iliyotobolewa, ikiwa na LIBERTE EGALITE FRATERNITE, "uhuru, usawa, undugu", inaweza kurudi nyumbani katika mfuko wa askari kwa njia hiyo. Sarafu ya Vichy hutambulikana mara moja kwa kuwa maneno hayo yamebadilishwa: TRAVAIL FAMILLE PATRIE, "kazi, familia, nchi".

Saa za mfukoni zinastahili maneno machache tu. Nyingi zilitengenezwa Uswisi, ambako viwanda vya saa vilikuwa katika majimbo yanayozungumza Kifaransa, na maandishi yake hayana mapenzi wala sala. ANCRE 15 RUBIS husema kwamba mashine ina kidhibiti mwendo cha nanga na vito 15 vya kupunguza msuguano. ARGENT ni fedha, METAL ni dalili kwamba si fedha. BREVETE S.G.D.G., ambayo hutokea kwenye bidhaa za Ufaransa, ni hataza "bila dhamana ya serikali", na DEPOSE ni "umbo limesajiliwa". Kuna warithi waliohifadhi jina la Bwana Deposé kama la rafiki wa babu.

Kwenye pete, maandishi huwa upande wa ndani na ni mafupi: majina mawili na tarehe. Kanuni moja huwatosha wasomaji. Waandishi wa zamani wa Kifaransa walifupisha miezi kwa namba, na 7bre si mwezi wa 7. Ni *septembre*, kwa sababu *sept* ni saba, urithi wa kalenda ya Kirumi ambayo mwaka wake ulianza Machi. 8bre ni Oktoba, 9bre ni Novemba, Xbre ni Desemba. Dhahabu ya Ufaransa ya karati 18 ina muhuri wa kichwa cha tai tangu mwaka 1838, mdogo kama punje ya mtama, na alama ya fundi imo ndani ya umbo la almasi. Pete yenye simba anayetembea au nanga imepimwa Uingereza, hata kama maneno yake ni ya Kifaransa. Waingereza walipenda kuandika mapenzi yao kwa lugha hiyo tangu zama za kati.

Maandishi mengi hupotea siku yanapogunduliwa. Mtu huona weusi juu ya chuma, huchota majivu jikoni au hukata limau, na husugua mpaka king'ae. Majivu ni msasa. Hung'oa kingo za herufi ambazo miaka 80 ya kuvaliwa ilikuwa imezibakiza. Maji vuguvugu, sabuni laini na mswaki wa mtoto vinatosha. Baada ya hapo pambo huwekwa gizani na kurunzi humulikwa kutoka ubavuni, karibu sambamba na uso wake, ili kila mchoro utupe kivuli. Huzungushwa polepole, kwa kuwa mstari usioonekana mwanga ukitoka kushoto hujitokeza ukitoka juu. Karatasi nyembamba ikilazwa juu na kupitishiwa penseli laini hutoa nakala ya kile ambacho jicho halikukiona. Herufi zilizosomeka huandikwa kama zilivyo, pengo likiachwa mahali pa zisizosomeka, na kubuni hungoja hadi mwisho. Wengi hubuni kwanza.

Hata msomaji akifaulu kila kitu, medali ya Mwujiza itampa sala na mwaka wa Paris, kifungo kitampa fahari ya mfalme, saa itampa idadi ya vito. Jina la aliyevaa halimo. Ebitinge visivyo na herufi vilikuwa na upungufu huo pia, lakini vilisomwa na watu waliomjua mvaaji, mumewe na idadi ya ng'ombe waliotolewa. Medali nayo ilikuwa na wasomaji wa aina hiyo, nao ni wazee wa nyumba ambamo ilitunzwa. Anayeipeleka mjini kwa sonara kabla ya kuwauliza amepeleka nusu ya maandishi.

Nembo ya simba na farasi mwenye pembe iliondoka ofisini Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, na nembo iliyochukua nafasi yake ina neno moja, la Kiswahili: Harambee. Kisii ilikuwa imekwisha kufanywa jimbo la Kikatoliki mwaka 1960, chini ya Askofu Maurice Otunga. Tabaka, katika Mugirango Kusini, wachongaji wa mawe ya Kisii hutengeneza shanga na vidani, na huchora juu yake jina lolote analolitaka mnunuzi, kwa lugha yoyote anayowaandikia kwenye karatasi. Medali ya Mwujiza bado inauzwa kwenye maduka ya vitu vya ibada. Maandishi yake sasa aghalabu ni ya Kiingereza, na chini ya miguu ya Bikira bado pameandikwa 1830.